Ndama wa Mama Somoe na Unga wa Mifupa

Mfupa wa mnyama mchanga hauvunjiki bure. Naanza na hilo kwa sababu wiki iliyopita alinijia hapa nyumbani kijana mmoja wa kazi yenu, buti mpya, simu mbili, adabu nzuri. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza anatoka wapi. Akasema anatoka kwa jirani yangu wa pili, ambaye mbuzi wake wawili wamelemaa miguu ya mbele.

"Wana nini?" nikamuuliza.

"Uzembe wa mfugaji tu, mama. Hawa watu hawafundishiki."

"Umewashika viungo?"

"Hapana."

"Umeangalia wanakula nini?"

"Sikuangalia."

"Banda lao linaingia jua?"

Akatazama simu yake. Chai niliyokuwa nimemmiminia nikaivuta upande wangu nikainywa mwenyewe. Alipoondoka nilikuwa bado na hasira, na nikajua kwamba nusu ya hasira ile haikuwa yake. Ilikuwa yangu mimi, ya miaka mingi, kwa sababu maneno kama yale niliwahi kuyasema, tena kwa maandishi, tena kwa mhuri. Kwa hiyo kaeni niwaambie, ninyi mnaosomea mifugo na ninyi mlioanza kazi juzi.

Mimi nimefanya kazi hii Masasi na Newala mpaka nikastaafu. Watu waliniita Bwana Mifugo. Ni mwanamke, nimezaa watoto wanne, lakini cheo kilikuwa Bwana Mifugo na watu wa huku hawaharibu cheo kwa sababu ya gauni. Nilikuwa napita na baiskeli, mtoto nimembeba mgongoni, mzee ananivulia kofia: "Habari za kazi, Bwana Mifugo? Na huyo anayenyonya hajambo?"

Chuoni nilifundishwa majina ya mifupa. Niliyakariri yote, kuanzia fuvu hadi kwato, nikafaulu. Aliyenifundisha mfupa wenyewe ni kitu gani alikuwa Mzee Chitanda, mchinjaji wa Masasi, mtu ambaye hakuwahi kuona mlango wa chuo chochote. Nilipangiwa kukagua nyama pale machinjioni kila asubuhi, nami nikafika na koti jeupe na mhuri wangu, nikijiona mtu.

Siku ya kwanza akaniuliza, "Binti, mfupa ni kitu kilicho hai au kilichokufa?"

Nikamjibu kwamba ni kitu kigumu cha kushikilia nyama, kama mti unavyoshikilia paa la nyumba. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akachukua mfupa wa muundi wa ng'ombe aliyechinjwa muda ule ule, akauparua kwa ncha ya kisu. Ukatoka utando mwembamba, unaoteleza, na chini yake nikaona vitundu vidogo kama vya sindano, kila kimoja kinatoa tone la damu.

"Nguzo ya nyumba yako inatoka damu?" akaniuliza.

Akaupasua kwa msumeno kutoka ncha hadi ncha. Katikati ukuta wa mfupa ulikuwa mnene na mgumu, kwa sababu hapo ndipo uzito unapotaka kuupinda. Kwenye ncha zote mbili ukuta ulikuwa mwembamba, lakini ndani yake kulikuwa na wavu wa vijifupa vidogo vidogo, umefumwa kama dodoki. Mzee akanionyesha kwamba nyuzi za dodoki lile hazikukaa ovyo ovyo. Zimeelekea kule mzigo unakotoka. Mnyama anayetembea sana nyuzi zake ni nene, na aliyefungwa muda mrefu zinakonda. Ndani kulikuwa na uboho. Wa mnyama mchanga ni mwekundu, ndimo damu inamotengenezwa. Wa mzee ni wa njano, umejaa mafuta.

Siku nyingine akapasua mfupa wa ndama. Karibu na ncha kulikuwa na mstari wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, wa mfupa laini, mwembamba, umenyooka kama uzi.

"Hapa ndipo anaporefukia," akasema. "Mnyama harefuki katikati ya mfupa. Anarefuka hapa tu. Kila siku mfupa laini unaongezeka upande huu, na kila siku upande huu mwingine unageuzwa kuwa mgumu. Akikomaa, mstari unafunga. Pasua ng'ombe mzima, hutauona tena."

"Na ukikosa kitu cha kuugeuza uwe mgumu?"

"Basi ule laini unarundikana, haugeuki. Mstari unakuwa mnene kama kidole, mguu unavimba kwenye kiungo, unapinda. Unapasua mfupa kwa kisu cha kumenyea mihogo."

Akanipa mifupa miwili ya mapaja ya kuku niende nayo nyumbani. Mmoja niuloweke kwenye maji ya ndimu siku kadhaa nikibadilisha maji, mwingine niutie motoni. Wa ndimu ulilainika nikaufunga fundo kama kamba. Wa motoni ulibaki na umbo lake lile lile, mweupe, mzuri kuutazama, nikaubonyeza kwa kidole ukawa unga. Ndimu iliondoa chokaa ikabakiza gundi, moto uliondoa gundi ukabakiza chokaa. Sikusahau tena kwamba mfupa ni vyote viwili. Jaribuni nanyi. Ni bure, na mtaelewa kuliko kwenye hizo simu zenu.

Lakini msidhani nilielewa yote. Kijijini Lupaso kulikuwa na mzee mmoja aliyeniita kwa ajili ya mbuzi jike, mguu wa nyuma umevunjika kwenye muundi. Nikamfunga vipande vya mianzi, nikakaza kwa vitambaa, nikakaza tena, nikajisifu jinsi mguu ulivyonyooka. Nikaondoka, nikarudi baada ya siku sita. Kwato lilikuwa baridi kama jiwe na harufu ilinipokea kabla sijafika uani. Yule mzee alimchinja mbele yangu, akanipa kipande nikapike, na mpaka leo sijui kama ulikuwa ukarimu au adhabu.

Mzee Chitanda aliposikia alisema, "Umefunga mfupa, umesahau kwamba unakula kwa damu."

Tangu siku ile nikawa naweka pamba au kitambaa laini kwanza, nafunga kiasi kwamba kidole changu kinapenya, na kesho yake lazima nirudi nishike kwato kama lina joto. Mfupa uliovunjika hujiunga wenyewe. Kwanza hujitengenezea donge laini kuzunguka palipovunjika, kisha donge linakuwa gumu, kisha kwa miezi linachongwa taratibu mpaka mguu unakaribia kuwa kama zamani. Kazi yako wewe ni kuutuliza tu na kutouzibia njia ya damu. Mbuzi wa pili wa Lupaso alipona. Huyo sikupewa nyama yake.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma.

Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, ninyi mlikuwa hamjazaliwa au mnanyonya. Kabla ya hapo dawa za mifugo na madini ya kulambisha ng'ombe vilikuja kutoka serikalini. Vilichelewa, vilikuja pungufu, sikatai, nimewahi kusubiri gari la chanjo mpaka chanjo ikaharibika njiani. Lakini kilichokuja kilikuwa ndicho chenyewe. Kisha tukaambiwa serikali inajitoa, soko ni huria, mfanyabiashara ataleta. Akaleta kweli. Masasi na Newala zikajaa vitu: sabuni za kila rangi, redio, vitenge, na chakula cha mifugo kwenye viroba vyenye picha ya ng'ombe mnene kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kukanyaga uwanda huu. Aliyekagua kilichomo ndani ya kiroba hakuwepo. Kipimo tulichokuwa nacho ofisini kilikuwa macho yetu.

Wakati huo huo ukaja mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa akina mama. Mama anapewa mtamba mwenye mimba, na ndama jike wa kwanza anampa mama mwenzake anayefuata kwenye orodha. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo nalitetea. Lakini kulikuwa na kanuni zake. Ndama akifa kwa uzembe wa mfugaji, ng'ombe ananyang'anywa. Na madini yanunuliwe kwenye duka moja tu pale Newala, ambalo mratibu wa mradi alilichagua mwenyewe, kwa sababu, alisema, lina unga halisi wa mifupa.

Mama Somoe alikuwa wa tatu kwenye orodha. Alikuwa mfinyanzi, mjane, mtu wa makamo, amenizidi umri, kijiji chake kiko kwenye ukingo kabisa, pale ardhi inapokatika na unaona bonde la Ruvuma lote chini yako. Udongo wake aliufuata bondeni, akaupandisha kichwani. Maji aliyafuata huko huko au alipanga foleni ya bomba, na mjuao Newala mnajua foleni ile. Mwanamke aliyekuwa akimnywesha ng'ombe wa maziwa kwa maji ya kichwani, huyo ndiye tuliyekuja kumwita mzembe.

Banda lake nililichora mimi. Niliagiza likandikwe udongo pande zote nne, ng'ombe wasing'atwe na mbung'o, nikaagiza lijengwe chini ya mikorosho wapate kivuli. Likawa na giza kama ndani ya mtungi. Niliagiza ndama aachishwe maziwa mapema ili maziwa yauzwe, apewe pumba, na juu yake kijiko cha unga wa mifupa kila siku. Mama Somoe alifuata kila neno. Wenzake wengine walipuuza, ndama wao wakazurura juani wakinyonya kwa wizi, wakanenepa. Wa kwake, aliyefugwa kwa kanuni, alivimba viungo, miguu ikapinda kama upinde, na alipofika miezi sita mguu wa mbele ukavunjika akiwa anainuka tu.

Nilifika pale mchana nimechoka, nimetoka kukokota baiskeli mchangani. Sikumwamkia hata shikamoo.

"Umempiga," nikamwambia.

"Nangu?" Alipochukia alirudi Kimakonde, mimi akaiita nangu. "Nangu nimpige ndama? Kwa kosa gani?"

"Mfupa hauvunjiki wenyewe, Mama Somoe."

"Basi uulize mfupa."

Aliniambia hivyo hivyo, niuulize mfupa, na mimi mwanafunzi wa Mzee Chitanda sikuusikia. Nilikuwa na haraka. Mratibu alishaniambia kuna minong'ono kwamba mama yule ni mkali kwa wanyama. Nikaandika kwenye karatasi kwamba ndama amevunjwa mguu kwa kipigo, nikapiga mhuri. Mhuri huo huo niliokuwa najiona mtu kwa ajili yake.

Wiki ya pili ndama akavunjika mguu mwingine, kisha akafa. Kamati ikaitisha kikao cha kumnyang'anya ng'ombe. Nikatumwa kwenda kuthibitisha kifo. Nilimkuta Mama Somoe amekaa uani, mikono imejaa udongo, hakunitazama. Ndama alikuwa amelazwa kwenye majani ya migomba, amefunikwa kwa kitenge kizuri, si kile cha kazi. Mtu hapigi mnyama halafu akamfunika kwa kitenge chake cha kwendea harusini. Hapo ndipo haya iliponiingia.

Nikaomba panga. Nikautoa mfupa wa mguu wa mbele. Nilikusudia kutafuta msumeno, haukuhitajika. Panga liliingia kama kwenye muhogo. Ukuta wa mfupa ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na ule mstari wa kukulia, unaotakiwa kuwa uzi, ulikuwa mnene kuliko kidole changu, umechakaachakaa, umerundikana. Nikagusa mbavu. Kila ubavu, pale unapoungana na mfupa laini wa kifuani, ulikuwa na donge. Madonge yamepangana kama shanga.

Nilikaa chini mchangani na sketi yangu ya kazi.

"Mama Somoe," nikamwambia, "huyu hakupigwa. Huyu mifupa yake haikupata cha kuifanya iwe migumu."

"Nilikuwa nampa unga wenu kila siku."

"Ulete niuone."

Akaleta kiroba, kimebaki robo. Nikachota. Ulikuwa mweupe, laini sana, hauna harufu. Nikasema labda umekaa sana. Yeye akachukua kiganja kimoja, akadondoshea maji, akafinya kwa vidole viwili, kisha akakanda. Macho yake yakabadilika. Akaongeza kiganja kingine, akazungusha, akabonyeza katikati kwa dole gumba, na kabla sijaelewa anafanya nini, kwenye kiganja chake kulikuwa na kibakuli kidogo, kingo zake zimesimama vizuri, hazikupasuka.

"Bwana Mifugo," akasema polepole, "unga wa mifupa unafinyangika?"

Nikakigusa ukingo kwa kidole, yeye akaendelea.

"Huu ni udongo. Udongo mzuri tu, mweupe, kama ule tunaopakia vyungu. Nimemlisha ndama wangu chungu. Kwa mkono wangu. Kila asubuhi."

Alikianika kile kibakuli, akakichoma motoni pamoja na vyungu vyake, na siku ya kikao akaja nacho kwenye kanga.

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji. Alikuwepo mratibu, wanakamati, akina mama wa orodha, na mwenye duka aliyealikwa kama mdau, amekaa kiti cha mbele. Mratibu akasoma karatasi yangu kwa sauti. Kila neno lilinipiga usoni. Alipomaliza nikasimama, nikasema ile karatasi ni ya uongo na mwongo ni mimi. Nikatoa mfupa nilioupasua, na wa pili wa ndama mzima wa rika lile lile, ambao Mzee Chitanda alinitumia kutoka Masasi kwa basi umefungwa kwenye gazeti. Nikaipitisha kwa akina mama. Hawakuhitaji maelezo marefu. Kila mmoja aliminya wa kwanza kwa kucha, kucha ikaingia, akaminya wa pili, kucha ikateleza.

Nikaeleza. Mnyama mchanga anapata chokaa kwenye maziwa, nami niliagiza anyimwe. Pumba tupu haina chokaa ya kutosha, na kilichomo ndani yake kinavuruga hata kile kidogo anachopata. Jua likimpiga ngozi, mwili unatengeneza kitu kinachousaidia kuishika chokaa ile na kuipeleka mifupani, nami nilimfungia gizani. Hayo yalikuwa makosa yangu matatu. La nne halikuwa langu.

Hapo Mama Somoe akafungua kanga yake, akaweka kibakuli mezani mbele ya mratibu, akakigonga kwa ukucha. Kikalia ting.

"Unga wa mifupa," akasema. "Nimeufinyanga, nimeuchoma. Mnaweza kunywea."

Mwenye duka ndiye aliyezungumza kwanza, tena bila aibu, hata sauti hakupandisha.

"Mimi nauza ninacholetewa. Kiroba kinafika kimeshonwa. Siku hizi soko ni huria, mama, asiyetaka asinunue."

"Tulilazimishwa kununua kwako!" akasema mama mmoja kutoka nyuma.

"Jamani, tusitafute mchawi," mratibu akadakia. "Tutazame mbele. Jambo la msingi ni elimu kwa wafugaji."

Elimu kwa wafugaji! Mfugaji ndiye aliyegundua! Amegundua kwa maji ya kiganja, wakati mimi mwenye cheti na yeye mratibu mwenye gari tumepita mbele ya viroba vile miezi mingapi sijui, tukisoma maandishi ya nje. Nilipiga kelele kikaoni siku ile, siwafichi. Nilisema maneno ambayo mtumishi wa umma hasemi. Mzee mmoja wa kamati akanishika mkono, "Kaa chini, Bwana Mifugo, kaa, mwanangu," nikakaa, nikalia kwa hasira mbele za watu.

Kamati ilipiga kura, Mama Somoe akaachiwa ng'ombe wake. Hilo tulishinda. Mengine sikilizeni wenyewe. Taarifa yangu kuhusu viroba niliipeleka wilayani, nikaambiwa itashughulikiwa. Nikaipeleka tena, nikaambiwa ofisi haina kipimo cha kuthibitisha. Nikasema kipimo ni kikombe cha maji, wakacheka, wakadhani natania. Baada ya muda nikapata barua ya uhamisho kwenda Lukuledi, "kwa manufaa ya kazi". Viroba viliondolewa dukani wiki moja, vikarudi na picha ya ng'ombe mwingine.

Waliomaliza biashara ile ni akina mama wenyewe. Walikuwa wanaingia dukani, wanaomba kufunguliwa kiroba, wanachota kidogo, wanatemea mate kiganjani na kufinya. Ukifinyangika, wanaufuta kwenye kaunta na kuondoka bila kuaga. Mwenye duka akabandika karatasi: USILOWESHE BIDHAA. Wakaendelea. Mwishowe akaacha kuuza unga huo, akahamia kwenye mabati.

Na unga wa kweli? Waliutengeneza. Nilirudi machinjioni kwa Mzee Chitanda, tukawafundisha. Chukueni mifupa ya mnyama aliyekaguliwa tu, msiokote ya mzoga porini, kwa sababu kuna magonjwa yanayomuua mnyama na mchimbaji wa kaburi lake pia. Ichomeni kwa moto mkali mpaka iwe myeupe ndani na nje, hakuna kipande cheusi kilichobaki katikati. Itwangeni kwenye kinu kisicho cha chakula, chekecheni. Ukiulowesha haushikani, unabaki kama mchanga. Changanyeni na chumvi, wekeni palipokauka, ng'ombe alambe. Na banda litobolewe upande wa mashariki, na ndama atoke nje asubuhi, anyonye. Ndama wa pili wa Mama Somoe alikuwa jike, alikimbia uani mpaka akavunja vyungu viwili. Aliyempokea kwenye orodha alitembea naye kwa miguu muda wa saa nne kurudi kwao, na ndama hakuchechemea.

Sasa mtaniuliza mbona bado nina hasira, maana mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Kabla sijahamia Lukuledi nilikwenda kwa Mama Somoe kumwomba radhi. Nikapiga hodi, nikamwamkia kwa adabu yote, "Shikamoo, Mama Somoe." Hakuitikia marahaba. Aliendelea kulainisha chungu kwa jiwe lake.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Nilikuandikia uongo."

"Hapa uani hakuna aliyeamini uongo wako," akasema. "Hapa niko mimi na kuku. Waliouamini wako bombani."

Nikamwambia kikao kilishasikia.

"Kikaoni walikuwa watu ishirini. Bombani tuko mia. Tangu karatasi yako, nikifika na ndoo wananiita Mvunja Miguu. Watoto wanakimbia. Nikiweka ndoo kwenye foleni, wanaisogeza nyuma kwa mguu. Kikao chenu hakikuwafikia hao."

Akainuka, akachukua ndoo mbili. Moja akanipa.

Tulikwenda. Foleni ilianzia kwenye bomba ikapinda nyuma ya msikiti, ndoo, madumu, mitungi, wanawake wamekaa juu ya madebe wakisubiri maji ambayo hata hayajafunguliwa. Tulipofika minong'ono ikakatika. Mtu mmoja akatema mate pembeni. Mama Somoe akaweka ndoo yake mwisho wa mstari, akanitazama.

Nilikuwa nimevaa koti langu la kazi. Nikajitokeza mbele.

"Mnanijua," nikasema. "Mimi ni Bwana Mifugo. Ndama wa Mama Somoe hakupigwa. Alivunjika kwa sababu mifupa yake ilikuwa laini, na ilikuwa laini kwa makosa yangu mimi na kwa udongo tuliomuuzia kama dawa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba alimpiga. Niliandika uongo. Mama Somoe hana kosa."

Nikageuka kumtazama Mama Somoe. Alikuwa amekunja mikono, kidevu juu, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Sema tena," akaniambia. "Wale wa nyuma ya msikiti hawajasikia."

Nikatembea mpaka nyuma ya msikiti, nikasema tena.